Mwarobaini ni wa Nani?

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu asome kwanza kwa sauti, kisha wanafunzi wasome wenyewe, kila mmoja fungu lake.

Natumaini kila mtu amepata mahali pa kukaa, na mwenye miwani amekwisha kuivaa. Somo letu la leo ni juu ya dawa za miti shamba, na tena ni juu ya karatasi. Labda utajiuliza vitu hivi viwili vimekutana wapi. Vimekutana, tena zaidi ya mara moja, na ugomvi wake ulifika mpaka Ulaya na Marekani.

Tuanze na mti unaoujua. Ukikaa pwani, toka Lamu mpaka Mtwara, au Unguja na Pemba, hukosi kuuona mwarobaini. Pengine upo hapo nje ya darasa, na baiskeli zimeegemezwa kwenye shina lake. Jina lake lina neno arobaini ndani yake, kwa sababu wazee walisema kwamba mti huu hutibu maradhi arobaini. Hatukuja hapa kuyahesabu maradhi hayo, na redio si daktari. Lakini kila mtu amewahi kuona majani yake yakichemshwa ili mtu aoge ngozi inapomwasha, au vijiti vyake vikipigiwa mswaki, au majani makavu yakichanganywa na nafaka ghalani ili wadudu wasiile. Nani aliyevumbua mambo haya? Hakuna ajuaye. Mti wenyewe ulitoka Bara Hindi, ukavuka bahari ukaja kwetu, na kule kwao watu wameutumia kwa karne nyingi.

Sasa sikiliza. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ambayo makao yake yako Munich katika nchi ya Ujerumani, ilitoa hataza moja kwa wenyewe wawili wa Marekani. Mmoja alikuwa kampuni iitwayo W. R. Grace, na wa pili alikuwa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Hataza hiyo ilihusu njia ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuzuia ukungu unaoshambulia mimea.

Tusimame kidogo tulielewe neno hili, hataza, maana bila ya hilo somo zima litapita juu ya vichwa vyetu. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mtu aliyevumbua kitu. Tuseme fundi wa bati ametengeneza jiko la mkaa la namna mpya kabisa, linalotumia nusu ya makaa ya majiko mengine. Fundi huyu huenda katika ofisi inayohusika, akaandika maelezo ya jiko lake, kipande kwa kipande. Wakaguzi wa ofisi huyachungua maelezo yale. Wakiridhika, fundi hupewa hataza, na kwa muda wa miaka 20 tangu siku alipopeleka maombi, hakuna mtu mwingine katika nchi ile awezaye kutengeneza au kuuza jiko la namna hiyo bila ruhusa yake. Naye kwa upande wake hulipa kwa kutoboa siri: maelezo yake huchapishwa, na muda ukiisha kila mtu yu huru kuyafuata. Mimi sioni ubaya katika mpango huu. Mtu aliyetaabika na ale matunda ya taabu yake.

Lakini kuna sharti, na sharti hili ndilo kiini cha somo letu. Kitu kiwe kipya. Tena kiwe kitu ambacho fundi mwingine yeyote wa kazi ile asingekifikiri bila taabu. Kama jiko lile lilikuwa likitengenezwa Tabora tangu zamani, na watu wakinunua sokoni, basi fundi wetu hakuvumbua. Amenakili tu, na hastahili hataza.

Katika habari ya mwarobaini watu wengi walitia chumvi. Walisema Wazungu wameuchukua mti, na kwamba sasa mtu akichuma jani atashtakiwa. Si hivyo. Hataza hufanya kazi katika nchi zile tu ilikotolewa, na hataza hii haikumkataza bibi wa Pangani kuchemsha majani yake. Ubaya wake ulikuwa wa namna nyingine. Mfanyabiashara wa India, au wa Afrika, aliyetaka kwenda kuuza Ulaya dawa ya mimea ya namna ile angekuta mlango umefungwa na ufunguo uko mkononi mwa mtu mwingine. Tena kazi ya wakulima wengi wa vizazi vingi ilikuwa imeandikwa katika kitabu cha serikali kuwa ni uvumbuzi wa watu wachache wa juzi.

Mwaka 1995 wapinzani watatu walipeleka pingamizi Munich. Mmoja alikuwa Vandana Shiva, mwanamke msomi wa India. Wa pili alikuwa Magda Aelvoet wa Ubelgiji, mjumbe katika Bunge la Ulaya. Wa tatu ulikuwa umoja wa wakulima wasiotumia madawa ya viwandani, uitwao IFOAM. Walingoja miaka mitano. Mwezi wa Mei 2000 shauri lilisikilizwa, na hapo akasimama shahidi ambaye nataka umkumbuke. Hakuwa profesa. Alikuwa meneja wa kiwanda kimoja cha India, naye alieleza kwamba yeye na wenzake walikwisha kukamua mafuta ya mwarobaini kwa njia iliyo karibu sawa na ile, wakayajaribu katika mashamba ya wakulima wa India ya magharibi, kabla maombi ya hataza hayajapelekwa. Waamuzi walimwuliza maswali mengi. Mwishowe wakaamini, na hataza ikafutwa. Wenyewe wakakata rufani, na tarehe 8 Machi 2005 rufani yao ikatupwa. Hesabu mwenyewe: toka 1995 mpaka 2005 ni miaka kumi, kwa hataza moja tu.

Yule meneja alifaulu kwa sababu sheria ya Ulaya husema kwamba jambo lililokwisha kujulikana na watu, popote duniani, kwa maandishi au kwa maneno ya mdomo au kwa kutumiwa, si jipya tena. Maneno ya mdomo yalihesabiwa. Marekani mambo yalikuwa tofauti, na hapa tuwaache mwarobaini tuchukue manjano.

Manjano ni yaleyale unayoyatia katika mchuzi. Watu wa India huyatia katika chakula, na tangu kale huyapaka pia juu ya kidonda. Mwezi wa Machi 1995 watafiti wawili wa chuo cha udaktari cha Mississippi, Marekani, walipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Watafiti wenyewe walikuwa na asili ya India! Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India likaamua kuipinga.

Sasa tazama ugumu uliokuwapo. Sheria ya Marekani ya siku zile ilisema hivi: kama jambo limetumiwa na watu ndani ya Marekani, si jipya. Lakini kama limetumiwa nchi za nje, matumizi hayo hayahesabiwi, isipokuwa jambo lenyewe liwe limeandikwa na kuchapishwa. Wangekuja kina mama milioni moja wa India, kila mmoja na kovu la kidonda alichokitibu, wasingesaidia kitu. Ilitakiwa karatasi. Basi Baraza lile likakusanya maandishi 32, mengine ya Kisanskriti, mengine ya Kiurdu na ya Kihindi, na miongoni mwake makala iliyochapishwa mwaka 1953 katika jarida la chama cha madaktari wa India. Mwaka 1997 ofisi ya Marekani ilikubali kwamba jambo lile halikuwa jipya, na hataza ikaanguka.

Sheria hiyo ya Marekani imekwisha kubadilishwa. Tangu tarehe 16 Machi 2013 matumizi ya hadharani popote duniani yanahesabiwa kule pia. Lakini usifurahi upesi. Mkaguzi wa hataza anakaa mezani kwake na kazi nyingi mbele yake. Atatafuta pale penye maandishi. Hatapanda basi mpaka Korogwe kuuliza wazee.

India ilijifunza. Tangu mwaka 2001 walianza kukusanya dawa zilizomo katika vitabu vyao vya kale, wakaziweka katika hazina moja ya kompyuta, wakazieleza kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kispanyola na Kijapani, ili mkaguzi asipate udhuru wa kusema hakuielewa lugha. Hazina hiyo ina dawa zaidi ya laki mbili. Mwaka 2009 walipatana na Ofisi ya Hataza ya Ulaya kwamba wakaguzi wake waisome, lakini wasimpe mtu mwingine.

Kwa nini wasimpe? Kwa sababu kuandika nako kuna hatari yake. Ukiandika kila kitu na kukichapisha, umemzuia mtu asidai kuwa yeye ndiye mvumbuzi, lakini papo hapo umemwonyesha kila mtu njia ya kwenda shambani kwako. Dawa inayojulikana na mji mzima haina hasara ikiandikwa. Dawa iliyo siri ya ukoo ni jambo jingine, na wenyewe peke yao ndio wa kuamua. Usimshurutishe mganga aitoboe kwa sababu umesikia somo hili.

Tena tusidhani kwamba anayechukua ni mgeni daima. Afrika Kusini na jirani zake wako Wasan, watu wa jangwa la Kalahari, wawindaji hodari. Wao walijua mmea mmoja wa miiba, uitwao hoodia, ambao mtu akiutafuna bua lake njaa na kiu humpungua katika safari ndefu ya kuwinda. Mnamo miaka ya 1990 Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la Afrika Kusini (jina lake ni sawasawa na la lile Baraza la India, lakini mwendo wake ulikuwa kinyume) liliomba hataza ya dawa iliyotoka katika mmea huo, na mwaka 1997 likaikodisha kwa kampuni ya Uingereza. Wasan hawakuulizwa. Walipopata habari walitafuta wanasheria, na mwezi wa Machi 2003 mapatano yalitiwa sahihi: katika kila fedha 100 ambazo Baraza lingepata kutokana na mauzo, Wasan wapate 6, na katika malipo ya hatua za kazi kabla ya mauzo, wapate 8 katika 100. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kampuni kubwa zilizotaka kuitengeneza dawa zilijitoa moja baada ya moja, ya mwisho mwaka 2008, na zile fedha nyingi zilizotarajiwa hazikufika. Wangeulizwa mwanzo, pengine wangepatana malipo mengine, kama shule au maji, ambayo hayangojei mauzo.

Kwetu sheria zipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaiagiza serikali ilinde maarifa ya asili ya jamii juu ya mimea na viumbe. Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na sheria hiyo inamtaka mtu wa nje anayetaka kuyatumia maarifa ya jamii apate kwanza idhini yake, na jamii iwe imeelezwa vizuri kabla ya kukubali. Serikali za kaunti zimepewa kazi ya kuweka daftari la maarifa hayo. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, lakini hiyo inaangalia zaidi kazi ya waganga na uandikishaji wao kuliko swali la nani mwenye maarifa. Na tarehe 24 Mei 2024, huko Geneva, mataifa yalipitisha mkataba unaosema kwamba anayeomba hataza ya kitu kilichotokana na mmea au kiumbe, ataje nchi kilikotoka, na kama ametumia maarifa ya jamii, aitaje jamii hiyo. Mkataba huo uliwekewa sharti la kuridhiwa na nchi 15 kabla ya kuanza kazi. Majadiliano yake yalianza mwaka 2001. Watoto waliozaliwa mwaka ule walikuwa watu wazima ulipopitishwa.

Tuziache sheria, maana hizo hazitakuwapo mlangoni kwako siku mgeni atakapobisha hodi. Atakayekuwapo ni wewe.

Atakuja mtu na kalamu, pengine na gari, akitaka kujua mti fulani hutumiwaje. Mkaribishe. Watafiti wengi ni watu wa heshima, na kazi yao ina faida: wakipima dawa tutajua ipi husaidia na ipi hudhuru ini la mtoto. Lakini kabla ya mazungumzo mwombe akuonyeshe kibali. Tanzania kibali cha utafiti hutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, iitwayo COSTECH. Kenya hutoka tume iitwayo NACOSTI, na kama anataka kuchukua mimea yenyewe, anahitaji pia kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Mtafiti wa kweli hachukii kuulizwa kibali.

Kisha atatoa karatasi ya idhini, aseme, weka sahihi hapa. Zamani wazee wetu wengi waliweka kidole gumba na mambo yakaisha. Wewe sasa unajua kusoma. Basi tusome pamoja. Mwalimu, tafadhali andika sentensi hii ubaoni:

Nimekubali kwa hiari yangu kutoa maelezo yote, na sitakuwa na madai yoyote baadaye.

Isome mara mbili. Ni sentensi fupi, na maneno yake ni rahisi. Sasa nionyeshe lile neno lililo zito. Wengine watasema hiari. Hapana, hilo ni zuri, maana yake hukulazimishwa. Tazama neno yote. Maelezo yote ni yapi? Ya mti huu mmoja, au ya kila mti unaoujua? Ya leo, au na ya kesho? Tazama neno yoyote, na lile la mwisho, baadaye. Ukitia sahihi hapo, na mwaka ujao ukasikia kwamba maneno yako yamekuwa hataza ya kampuni, karatasi hii itatolewa usomewe wewe. Maneno matatu tu, na yamebeba nyumba nzima.

Mwalimu, futa, uandike nyingine:

Maelezo haya yatatumika kwa utafiti huu tu. Ikiwa yatatakiwa kwa biashara au kwa hataza, mtafiti atarudi kwanza kuomba idhini ya kijiji kwa maandishi.

Hii ina neno tu, na neno kwanza, nayo yanakulinda wewe. Tena imetaja kijiji, na ni haki, kwa sababu jambo linalojulikana na kijiji kizima si la mzee mmoja kuliuza, hata kama yeye ndiye aliyeulizwa. Kama karatasi uliyoletewa ni ya namna ile ya kwanza, unaweza kusema ibadilishwe. Unaweza kusema unataka kuisoma nyumbani pamoja na mwenyekiti wa kijiji au mwalimu, mgeni arudi keshokutwa. Unaweza pia kukataa, na hakuna kosa. Kama imeandikwa kwa Kiingereza na wewe hukijui, iandikwe upya kwa Kiswahili. Na ukiitia sahihi, nakala moja ibaki kwako. Mgeni akisema nakala utapelekewa baadaye, mwambie na sahihi utampelekea baadaye.

Kazi ya juma hili ni hii. Katika daftari lako, chagua mmea mmoja unaojulikana na watu wote wa mtaa wako. Usichague siri ya ukoo. Andika jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani kwenu. Andika ni sehemu gani hutumiwa, jani au gome au mzizi, na hutengenezwaje. Andika ni nani aliyekufundisha, na yeye alifundishwa na nani, kama unajua. Muulize mtu mzee zaidi uliye naye karibu, maana yeye atajua jambo moja au mawili ambayo wewe huyajui. Chini yake weka tarehe kamili, na majina ya watu wawili waliosikia ukiyasoma maneno hayo.

Darasa likikutana tena mjibu maswali haya. Kwa nini ushahidi wa yule meneja wa kiwanda ulikubaliwa Munich, na maneno ya kina mama wa India yasingekubaliwa Marekani mwaka 1995? Wasan wangepata nini kama wangeulizwa mapema? Na katika sentensi mbili zilizoandikwa ubaoni, ni neno gani moja ungelibadilisha katika ile ya kwanza kama mgeni angekuruhusu kubadilisha moja tu? Swali hili la mwisho lina majibu zaidi ya moja. Bishaneni.

Juma lijalo tutasoma risiti ya duka na hati ya kukodi shamba. Kwaherini.